Mystère IV A: Jeti ya Kifaransa inayomtaka mchezaji abane matumizi ya kasi

WACHEZAJI wengi wa michezo ya vita ya kompyuta wanaoingia kwa mara ya kwanza katika ndege ya Kifaransa ya Mystère IV A huangushwa kwa namna ile ile. Humwona adui, huvuta usukani kwa nguvu zote ili wamgeukie, na baada ya mizunguko miwili hujikuta wakining'inia angani bila kasi, mbele ya mizinga ya mtu aliyekuwa akiwasubiri juu.

Ndege yenyewe haina kosa. Ni jeti iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kwenda kasi. Ilipewa mabawa membamba yaliyolazwa mshazari kuelekea nyuma, injini moja yenye nguvu za wastani, na mizinga miwili mikubwa yenye risasi chache. Kila kitu ndani yake kina kipimo, na anayeirusha hana budi kukijua kipimo hicho kabla magurudumu hayajaacha ardhi.

Mchezo mmojawapo unaoiweka ndege hiyo mikononi mwa watu wa kawaida ni War Thunder wa kampuni ya Gaijin Entertainment, uliofunguliwa kwa umma kwa majaribio mwaka 2012 na kupokea safu kamili ya ndege za Ufaransa mwaka 2017. Katika safu hiyo mchezaji huzipanda jeti za mwanzo za Kifaransa ngazi kwa ngazi, kwa mpangilio unaokaribiana na ule uliofuatwa na viwanda vyenyewe.

Kutoka tufani hadi fumbo

Asili ya ndege hizo ni kampuni ya Marcel Dassault, mhandisi aliyezaliwa kwa jina la Marcel Bloch mwaka 1892. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya mateso ya Buchenwald nchini Ujerumani, akatoka akiwa hai mwaka 1945. Jina la Dassault alilichukua baada ya vita kutokana na jina la siri alilolitumia kaka yake katika harakati za kuwapinga Wajerumani.

Jeti yake ya kwanza ya kivita, Ouragan, yaani tufani, iliruka Februari 28, 1949. Mabawa yake yalikuwa yamenyooka kama ya ndege za pangaboi. Miaka miwili baadaye, Februari 23, 1951, iliruka Mystère ya kwanza, na jina hilo maana yake ni fumbo. Kwa kweli halikuwa fumbo kubwa: kiwiliwili kilikuwa kwa sehemu kubwa kile kile cha Ouragan, ila kilifungwa mabawa yaliyolazwa nyuma kwa digrii 30. Mabadiliko hayo, pamoja na maboresho yaliyofuata, yalitosha kuifanya Mystère II kuwa ndege ya kwanza ya Kifaransa kuvuka kasi ya sauti, ikiwa katika mbizi, mwezi Oktoba 1952.

Mystère IV, iliyoruka kwa mara ya kwanza Septemba 28, 1952, ilirithi jina kuliko umbo. Bawa lake lilikuwa jembamba zaidi na mshazari wake ulikaribia digrii 40, nacho kiwiliwili kilichorwa upya. Mwezi Aprili 1953 Marekani iliagiza ndege 225 za aina ya IV A kwa ajili ya jeshi la anga la Ufaransa, katika mpango wake wa kuwasaidia washirika wa NATO. Nchi tatu ziliitumia: Ufaransa, Israel na India. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya 400.

Gharama ya kuzijaribu ndege hizo haikuwa ya fedha peke yake. Constantin Rozanoff, rubani mkuu wa majaribio wa Dassault na mtu aliyeirusha Mystère ya kwanza, alifariki dunia Aprili 3, 1954 alipokuwa akiionyesha Mystère IV B karibu kabisa na ardhi, kwa kasi kubwa, katika uwanja wa Melun-Villaroche.

Bawa la mshazari hutoa nini na huchukua nini

Nahodha wa jahazi hapendi kulipokea wimbi kubwa kifua wazi; hulikata kwa mshazari, na chombo hupita bila kishindo. Bawa lililolazwa nyuma hufanya jambo linalofanana na hilo. Hewa inayolikabili hugawanyika mwendo wake: sehemu moja hulivuka bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na sehemu nyingine huteleza kuufuata urefu wa bawa hadi kwenye ncha. Ni ile sehemu ya kwanza tu inayolihusu bawa katika suala la kasi ya sauti. Kwa hiyo ndege inaweza kuwa inakwenda kwa kasi ambayo ingelifanya bawa lililonyooka litetemeke na kukabwa na ukinzani wa hewa, ilhali bawa la mshazari bado linajiona liko katika mwendo wa kadiri. Mhandisi Mjerumani Adolf Busemann aliieleza nadharia hiyo katika mkutano wa wanasayansi mjini Rome mwaka 1935, lakini ni baada ya vita ndipo mataifa mengine yalipoichukua kwa pupa. MiG-15 ya Urusi na F-86 Sabre ya Marekani zote mbili zililazwa mabawa kwa digrii 35.

Hata hivyo, faida hiyo hulipiwa. Kile kile kinacholifanya bawa lijione liko polepole kwenye kasi kubwa hulifanya lijione liko polepole zaidi kwenye kasi ndogo, na hapo ndipo uwezo wake wa kuibeba ndege unapopungua. Aidha, hewa inayoteleza kuelekea kwenye ncha hufanya sehemu za mwisho za bawa zipoteze uwezo kabla ya nyingine, na pua hutaka kuinuka wakati rubani anapohitaji ishuke. Tena, kila rubani anapovuta usukani kwa nguvu, ukinzani wa hewa huongezeka ghafla na kasi humwagika kama maji kutoka kwenye mtungi uliopasuka.

Kuirudisha kasi hiyo ni kazi ya injini, na hapa mchezaji anapaswa kuwa mkweli wa hesabu. Injini ya Verdon 350 ya kiwanda cha Hispano-Suiza husukuma kwa nguvu ya takriban kilo 3,500. Ndege iliyo tayari kwa mapambano huwa na uzito wa kati ya tani saba na nane. Msukumo, basi, haufiki nusu ya uzito, na IV A haina kifaa cha kuongeza moto nyuma ya injini kama jeti za baadaye. Ikishapoteza kasi kwa kugeuka, huirejesha polepole, isipokuwa rubani akubali kuuza kimo alichonacho.

Inashangaza kidogo kwamba injini hiyo na ile ya MiG-15 ni ndugu wa ukoo mmoja. Verdon ilitokana na injini ya Tay ya Rolls-Royce ya Uingereza, ambayo nayo ilitokana na Nene ya kiwanda hicho hicho. Waingereza waliwauzia Warusi injini za Nene mwaka 1946, na Warusi wakazinakili, kisha wakaziendeleza kwa ajili ya MiG. Hivyo mchezaji anayepambana na MiG-15 kwa Mystère anapambana na binamu, tofauti ikiwa ni kwamba binamu huyo amefungwa katika ndege nyepesi zaidi.

Kabla ya kuruka

War Thunder ina namna tatu za mapambano. Katika ile nyepesi kabisa kompyuta humwonyesha mchezaji mahali pa kulenga, na risasi hujazwa upya angani. Namna hiyo haimfundishi mtu chochote kuhusu Mystère. Katika namna ya uhalisia, ndege huanzia uwanjani, risasi zikiisha ni lazima kurudi kutua, na mwenye kuangushwa huwa amemaliza pambano lake. Ya tatu humfungia mchezaji ndani ya chumba cha rubani na kumwachia fimbo ya usukani, bila alama za kumsaidia kuwatambua maadui. Makala haya yanahusu zaidi ile ya katikati, inayochezwa na watu wengi kwa kutumia kipanya, ambapo rubani msaidizi wa kompyuta huizuia ndege isipinduke hovyo. Msaidizi huyo ni mwema lakini pia ni mlaghai: humruhusu mchezaji ageuke kwa nguvu bila kuhisi uzito unaomkandamiza rubani halisi kitini, hivyo haoni alichokipoteza mpaka aitazame saa ya kasi.

Uamuzi wa kwanza hufanyika kabla ya kuruka, nao ni wa mafuta. Mchezo humruhusu mtu kuchagua kiasi cha kupakia, na mgeni hujaza tangi kwa kuogopa kukwama njiani. Kila kilo ya ziada huifanya injini ile ile ibebe mzigo mkubwa zaidi wakati wa kupanda. Ni afadhali kuchukua mafuta ya kutosha kwenda, kupigana kwa muda mfupi na kurudi.

Ndege ikishaacha ardhi, magurudumu yakunjwe na pua ibaki chini. Kishawishi cha kuielekeza mawinguni mara moja ni kikubwa, kwa sababu wenzake huonekana wakipanda. Mystère huhitaji kwanza kukusanya mwendo karibu na ardhi, kisha ipande kwa mwinamo mdogo huku kasi ikilindwa. Aidha, isipande moja kwa moja kuelekea kwa adui. Ikipitia ubavuni mwa uwanja wa mapambano hufika ikiwa mita 5,000 au zaidi juu, nao walio mbele wakiwa tayari wameshaanza kuzungushana.

Sekunde saba za risasi

Mizinga miwili ya DEFA ya milimita 30, iliyofungwa chini ya pua, ndiyo sababu ya kuivumilia ndege hii. Mizinga hiyo ilibuniwa kwa kufuata mzinga wa kampuni ya Mauser ambao Wajerumani walikuwa wakiukamilisha vita vilipomalizika. Kila mmoja hutema takriban risasi 1,200 kwa dakika, sawa na 20 kwa sekunde, na kila mmoja una risasi 150. Anayekibonyeza kitufe bila kukiachia atakuwa amemaliza kila kitu kwa muda wa sekunde saba hivi. Kwa upande mwingine, risasi chache tu zikimpata adui mahali pazuri, pambano humalizika.

Kwa sababu hiyo shabaha ya Mystère huchaguliwa mapema. Anayefaa kushambuliwa ni yule aliyetoka kugeuka, yule anayepanda taratibu, au yule anayemfukuza mtu mwingine na kusahau kutazama nyuma. Mshambuliaji hushuka kwa mwinamo wa wastani na si kwa kuanguka wima, kwani ndege inayokaribia kasi ya sauti huwa nzito kuielekeza na humpita adui kabla haijamlenga. Breki za hewa zipo na zinaweza kumwokoa mtu asipitilize, ila kila zinapofunguliwa hula akiba ile ile iliyokusanywa kwa dakika nyingi za kupanda. Afyatue akiwa amekaribia hadi mita 400 au chini ya hapo, kwa muda usiozidi sekunde moja, na apite.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile inayofuata, yaani kutogeuka. Mchezaji hutamani kuona kama amepiga, au hujiambia kwamba mzunguko mmoja tu utamaliza kazi. Lakini kama alishuka akiwa na kasi, kasi hiyo hiyo itampandisha tena juu upande wa pili bila kumlipa mtu chochote, na adui aliyebaki hai atakuwa chini, akiwa amepoteza mwendo kwa kukwepa. Baada ya mashambulizi mawili au matatu ya namna hiyo, hata rubani hodari huwa hana tena pa kwenda.

Dhidi ya MiG-15, kosa la kuepukwa ni kushindana kupanda. MiG ni nyepesi na hukwea upesi zaidi, hivyo anayejaribu kuikimbia kwa kuelekea juu hujipeleka mwenyewe. Njia ya kuikimbia ni chini, kwa kasi. MiG-15 halisi ilikuwa ngumu kuiongoza ilipokaribia kasi ya sauti, hata ikawekewa breki za hewa zinazojifungua zenyewe inapofika asilimia 92 ya kasi hiyo, ilhali Mystère IV A iliweza kuuvuka mpaka huo katika mbizi.

Marubani wa Israel waliitumia tofauti hiyo katika vita vya Suez, mwishoni mwa Oktoba 1956, miezi michache tu baada ya kupokea ndege zao. Katika pambano mojawapo juu ya Sinai, MiG-15 ya Misri ililazimika kutua kwa tumbo katika maji mafupi ya ziwa la Bardawil, na Waisraeli wakaiopoa.

Sabre ni mpinzani wa aina nyingine. Hupiga mbizi vizuri, hugeuka vizuri zaidi, na bunduki zake sita za milimita 12.7 zina risasi za kutosha kumvumilia mlengaji mbaya. Dhidi yake Mystère haina hila maalumu zaidi ya kimo, wenzake na subira.

Kanuni inapogeuka

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanachukulia kwamba Mystère ndiyo yenye kasi. Mfumo wa viwango wa War Thunder, ambao hubadilishwa mara kwa mara, humpanga mchezaji na ndege zilizo chini yake na zilizo juu yake. Siku akipangwa na zilizo juu, zipo jeti zitakazomfikia hata akimbie vipi. Kukimbia kwa mstari ulionyooka mbele ya ndege kama hiyo ni kumrahisishia mlengaji. Hapo kugeuka, ambako kulikuwa israfu, huwa ndiyo mali pekee iliyobaki: kushuka chini, kumwacha mwenye kasi akaribie, kisha kukata kona kwa ghafla ili apitilize au ashawishike kufuata. Akifuata, naye ataanza kumwaga kasi yake, na bawa la Mystère, pamoja na kasoro zake zote, hugeuka vizuri kuliko mabawa mafupi ya jeti zilizobuniwa baadaye.

Jambo hilo liliwahi kutokea kweli, asubuhi ya Septemba 7, 1965, wakati wa vita vya India na Pakistan. Kikosi Namba 1 cha jeshi la anga la India kilipeleka ndege 12 za Mystère kuushambulia uwanja wa Sargodha, ngome kubwa ya jeshi la anga la Pakistan. Meja wa anga Ajjamada Boppayya Devayya, mwenye umri wa miaka 32, aliyewahi kuwa mkufunzi wa marubani, alikuwa wa akiba, aliyewekwa kuziba pengo iwapo mmojawapo angeshindwa kuendelea na safari. Alijiunga na msafara.

Wakati ndege zikirudi, F-104 Starfighter ya Pakistan ilimkuta Devayya. Starfighter ilikuwa na uwezo wa kwenda mara mbili ya kasi ya sauti, na mabawa yake yalikuwa mafupi mno. Mystère yake ilipigwa kwa mizinga, na rubani wa Pakistan, Amjad Hussain, akaamini kwamba imekwisha. Badala yake ndege hiyo iliyojeruhiwa iligeuka na kuingia katika mapigano ya karibu, chini chini, kwa mwendo mdogo, mahali ambapo kasi ya Starfighter haikuwa na kazi. Mizinga ya milimita 30 iliipata. Hussain alijirusha kwa mwavuli akasalimika. Devayya hakurudi.

Wenzake waliokwisha kutangulia hawakuliona pambano hilo, na India ilimwandika kuwa amepotea vitani. Habari za ushindi wake zilijulikana kutoka upande wa Pakistan, kupitia kitabu cha mwandishi Mwingereza John Fricker kuhusu vita hivyo vya anga, kilichochapishwa mwaka 1979. Jeshi la India lilifanya uchunguzi wake, na mwaka 1988, miaka 23 baada ya pambano lile, mjane wake alikabidhiwa nishani ya Maha Vir Chakra, ya pili kwa ukubwa miongoni mwa nishani za ushujaa wa vitani nchini humo.